Waliozaliwa Januari Mosi

Kerrow alitapika mara ya tatu kabla jua halijaingia koridoni, na safari hii hakikutoka kitu ila maji ya kijani. Ramlo, mkewe, alimshika paji la uso kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakinga kopo la mafuta ya kupikia alilolibeba kutoka kijijini kwao, Kotile. Kopo lilikuwa dogo. Mtu ambaye hajala tangu juzi, nani angefikiri atalijaza?

"Nimekuchafua?" Kerrow aliuliza.

"Hata kidogo."

Deraa lake lilikuwa limelowa kuanzia magotini hadi chini. Kerrow hakuliona. Tangu mwezi wa saba alikuwa anaona mwanga na giza tu, na watu kwake walikuwa vivuli vinavyopita. Ramlo alipangusa sakafu kwa shuka lake mwenyewe, maana mlinzi alikuwa ameshawaambia mara mbili kwamba hapa si zizi.

Walikuwa kwenye benchi hilo tangu baada ya swala ya alfajiri kwa sababu ya simu. Juzi mchana msichana mmoja alipiga, akasema anaitwa Hinda, karani wa rekodi wa hospitali, na kwamba mgonjwa Kerrow Hashi Abdow anaombwa arudi Garissa apigwe picha ya kichwa upya, bila malipo. Ramlo alimkatia. Bila malipo? Matapeli wa simu wamejaa. Leo umeshinda gari, kesho umeshinda picha ya kichwa. Msichana akapiga tena, naye akakata tena. Mara ya tatu alisema kwa Kisomali, "Eeddo, shangazi yangu, tafadhali usikate," na sauti ilikuwa inatetemeka kweli kweli.

Picha ya kwanza ilipigwa Ramadhani. Wakati huo Kerrow alikuwa anaumwa kichwa kila alfajiri, anayumba, anaangusha vitu. Aliingizwa kwenye mashine ya skani, lile duara kubwa jeupe ambalo waheshimiwa walilikatia utepe mwaka uliopita wakachinjiwa ngamia. Majibu yalikuwa mstari mmoja: ubongo wa kawaida, hakuna kitu. Ramlo alilia kwa furaha pale pale dirishani. Karatasi ile aliitia kwenye mfuko wa plastiki isije ikaloa.

Huko nyumbani ndiko karatasi ilikofanya kazi. Kerrow akilala mchana, Ramlo anaitoa. Akipoteza mbuzi, anaitoa. Siku alipomwaga ndoo ya pili kisimani, mbele ya ndugu zake, Ramlo alimwambia, "Mashine imeingia mpaka ndani ya fuvu lako haikukuta kitu. Uvivu ndio haupigwi picha!" Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Kerrow aliinama kuitafuta ndoo, akapapasa upande ambao haikuwapo, na Ramlo akamsonya. Alikuwa amechoka, jamani. Kazi za watu wawili alizifanya peke yake miezi mitano, na mashine ya mamilioni ilikuwa imesema mume hana kitu. Yeye alikuwa nani abishane nayo?

"Kerrow Hashi Abdow!"

Ramlo akamwinua mumewe. Mwisho wa benchi, mzee mmoja mwenye ndevu za hina, mwili umemshiba, naye akasimama.

"Ni mimi," alisema mzee.

"Ni huyu wangu," alisema Ramlo.

Msichana aliyekuwa mlangoni na faili mbili kifuani hakushangaa. "Ni nyote wawili," alisema kwa Kisomali. "Adeer, baba mdogo, ingia. Eeddo, mlete mgonjwa. Mimi ndiye Hinda."

Chumba cha rekodi kilikuwa na viti viwili. Hinda alipotoka kutafuta cha tatu, mzee aliupapasa mkono wa Kerrow, akaushika.

"Wajina, wewe wa wapi?"

"Kotile."

"Mimi wa Diff, kule mpakani. Usinisikie ninaongea ukadhani ni mzima. Mimi ni maiti." Alicheka mwenyewe. "Ramadhani waliniambia hapa hapa: mzee, una uvimbe kichwani kama kokwa ya tende, umekaa pabaya, nenda ukaage watu wako. Wallahi nilikuja na kizunguzungu tu! Nikaenda, nikaaga. Ngamia nikawagawia wanangu. Na mke wangu mdogo, Weris, nikamwandikia talaka."

"Talaka ya nini, mtu akuuguze?" Ramlo aliuliza.

"Nina kaka, dada yangu. Mjane kwetu anarithiwa na shemeji, na yule kaka yangu anapiga. Nikasema nimfungue Weris nikiwa hai, aende anakotaka." Mzee alivuta ndevu. "Akakaa eda, ikaisha, akaolewa Wajir na mwenye duka. Mimi nikawa nangoja. Nikangoja, nikala, nikanenepa. Watoto wananitazama kama mgeni aliyekataa kuondoka."

Kerrow alicheka. Ramlo hakukumbuka mara ya mwisho kuisikia sauti hiyo, lakini yeye hakucheka. Uvimbe kama kokwa ya tende. Alimtazama mzee aliyenona, akamtazama mumewe, mifupa ya mashavu imetokeza.

Hinda alirudi na kiti, akafunga mlango. Alizungumza haraka, macho kwenye faili.

"Ile mashine ina kasoro kwenye programu yake. Watu wawili wakifanana majina yote matatu, na siku ya kuzaliwa ikafanana, hata kama mwaka ni tofauti, inawachanganya. Picha ya huyu inaiweka kwenye faili la yule. Kampuni iliyoitengeneza, ng'ambo huko, imeandika barua kwa kila hospitali. Mashine zizimwe mpaka programu ibadilishwe, na wagonjwa waliofanana waitwe."

"Kwa hiyo uvimbe wangu..." mzee alianza.

"Ni wake," alisema Hinda.

Kerrow aligeuza uso huku na huku kutafuta nani amenyamaza wapi.

"Barua inasema ni jambo la nadra sana," Hinda aliongeza, kana kwamba hilo lingesaidia. "Majina matatu na siku moja."

"Nadra!" Mzee wa Diff alijipiga paja. "Waje huku, wamtafute mtu ambaye hakuzaliwa Januari mosi!"

Na kweli, wangemtafuta mchana na taa. Watu walizaliwa mvua ilipochelewa, au mwaka wa mafuriko, au wiki ile ngamia wa fulani walipoibwa. Hizo ndizo tarehe walizokuwa nazo. Kisha akaja karani wa vitambulisho na meza yake, akaketi chini ya turubai, akaandika wilaya nzima Januari mosi, akabadilisha miaka tu kwa kutazama nyuso. Ramlo alizaliwa Januari mosi. Ndugu wote watano wa Kerrow walizaliwa Januari mosi, kwa mama mmoja. Hakuna aliyelalamika. Kitambulisho ulikipata kwa jasho na machozi, ukishakipata unakibusu, hukisomi.

"Barua hiyo ilikuja lini?" Ramlo aliuliza.

Hinda alitazama mlango. "Januari."

"Januari. Kabla ya Ramadhani."

"Niliipokea mimi, eeddo. Niliipeleka ofisini kwa mkono wangu. Wakasema mashine ni ya kukodi, kaunti inailipia ikiwaka au ikizima, na ikizimwa magazeti yatauliza. Barua wakaifungia kabatini." Hinda alianza kulia bila sauti. "Sasa kampuni imeandika tena, inataka majina. Ni watu sitini na watatu. Kumi na tisa simu zao hazilii tena."

Ramlo hakumbembeleza. Alitamani kumpiga kofi, na alijua kwamba kofi lile ni lake mwenyewe kwanza.

Msimamizi wa hospitali aliitwa Bwana Kithinji. Alikuwa mtu wa bara, shati limepigwa pasi vizuri, na hakuwa mkali. Aliwapa pole. Akawauliza kama wamekunywa chai. Kisha akasukuma karatasi mbili mezani, moja kwa kila Kerrow, na pedi ya wino katikati.

"Ni utaratibu tu. Mkiweka kidole hapa, skani inarudiwa leo leo."

"Imeandikwa nini?" Ramlo aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Kwamba kulitokea mkanganyiko wa taarifa."

Mzee wa Diff alimpa Hinda karatasi yake. "Soma, binti."

Hinda alisoma, na kila mstari sauti yake ilizidi kushuka. *Mimi mgonjwa nakiri kwamba tarehe ya kuzaliwa niliyoitoa, Januari mosi, haikuwa sahihi, na kwamba mkanganyiko wa majibu yangu ulitokana na tarehe hiyo.*

"Hii tarehe si yeye alitoa," Ramlo alisema. "Mtu ya serikali aliandika. Majina aliuliza. Siku hakuuliza."

"Naelewa, mama. Lakini kitambulisho mmetembea nacho miaka yote. Mlijua siku hiyo si ya kweli?"

"Tulijua."

"Mkaja hapa mkaitoa."

"Ndiyo iko kwa kitambulisho! Ningetoa gani?"

"Basi ndiyo hiyo tu karatasi inasema." Bwana Kithinji alifungua kifuniko cha pedi. "Sisemi mlidanganya."

"Na barua ya Januari?" alisema mzee wa Diff. "Barua ya kuzima mashine. Nayo imeandikwa humo?"

Bwana Kithinji alimtazama Hinda kwa muda mrefu, kwa utulivu, kama mtu anayekariri namba ya gari. "Mambo ya ndani ya hospitali hayamhusu mgonjwa."

"Basi nipe barua nyingine. Iseme Kerrow wa Diff ni mzima, mlikosea. Niwapelekee wazee, wanirudishie ngamia. Mke simtaki tena, ameshapewa mtu."

"Hatuna barua ya namna hiyo."

Mzee alisimama. Karatasi aliikunja, akaitia mfukoni bila kuweka kidole. Yeye kichwa chake kilikuwa kizima. Hakuwa na shida ya skani. Alimwinamia Kerrow, akamshika mabega yote mawili. "Nisamehe, wajina. Nimekaa na ugonjwa wako miezi mitano bila kuufanyia kitu." Kisha akatoka, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa korido.

"Na ninyi?" Bwana Kithinji aliuliza.

Ramlo aliitazama pedi. Alitaka kuirusha ukutani. Lakini mashine ya namna hii ilikuwa moja tu, na Nairobi hawakuwa na mtu.

"Weka," alisema Kerrow. "Kidole ni changu." Akaunyoosha mkono hewani, mbali kidogo na meza, na Ramlo akaushusha mpaka kwenye wino.

Mashine ilikuwa haijatengenezwa. Fundi wa Nairobi alikuwa anakuja wiki ijayo tangu mwezi wa pili. Bwana Kithinji aliwahakikishia kwamba sasa kuna njia: kila mgonjwa wa Januari mosi anapewa siku ya kuzaliwa ya peke yake. Hinda alikuwa na kalenda ya duka la dawa za mifugo ukutani, na kila siku aliyoigawa aliikata kwa kalamu nyekundu. Nusu ya mwaka ilikuwa imeshakatwa.

"Tarehe saba Oktoba," alimwambia Kerrow. "Inakufaa, adeer?"

"Mvua za Oktoba," Kerrow alisema. "Nzuri."

Daktari wa vichwa, anayesoma picha na kupasua, alikuwa Nairobi. Zilimfikia kwa mtandao, na majibu yakarudi baada ya adhuhuri. Kokwa ya tende ilikuwa imekua ikawa limau. Ingewezekana kuutoa uvimbe, daktari aliandika, iwapo mgonjwa atafika kwake ndani ya wiki hii. Macho hakuahidi. Uhai, ndiyo, kulikuwa na nafasi. Baada ya wiki hii hakuandika kitu.

"Kuna kitu?" Kerrow aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye benchi lile lile, kopo mapajani.

"Kuna," alisema Ramlo. "Uvimbe. Mkubwa."

Kerrow akashusha pumzi, mabega yakalegea. "Alhamdulillahi," alisema, na watu koridoni wakageuka kumtazama mtu anayeshukuru uvimbe.

Ramlo aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Alimpangusa tu kidevu, ingawa kilikuwa kikavu.

Kilichobaki ni bima ya afya ya serikali. Walikuwa wameilipia mwaka mzima, mbuzi wawili walikwenda kwa hilo. Hinda aliandika namba ya kitambulisho, akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena.

"Inasema mgonjwa hatambuliki. Faili lina Oktoba saba. Kitambulisho kina Januari mosi."

"Rudisha Januari."

"Nikiirudisha, bima itamtambua. Lakini picha ni ya mtu wa Oktoba. Daktari wa Nairobi hapasui kichwa kwa picha ya mtu mwingine. Na sheria inamlinda, eeddo."

Wakarudi kwa Bwana Kithinji. Alisikiliza mpaka mwisho. Ramlo alimwambia aandike barua, mstari mmoja tu, kwamba wa Januari na wa Oktoba ni mtu mmoja.

"Siwezi kuandika kwamba alizaliwa Januari mosi," alisema Bwana Kithinji. "Ameshakiri hapa, kwa kidole, kwamba si kweli." Aliigonga droo ya meza kwa kalamu, taratibu. "Mbadilishieni kitambulisho. Akipata hata ile karatasi ya kusubiria, yenye Oktoba, bima itaikubali siku hiyo hiyo. Hilo ndilo la haraka."

Hilo la haraka lilichukua siku mbili kabla ya kufika dirishani. Barua ya chifu, na chifu alikuwa mazishini. Hati ya kiapo, na karani wa mahakama alitaka shahidi aliyekuwapo siku Kerrow alipozaliwa. Ramlo alimpata bibi mmoja wa ukoo, Saynab, mgonjwa wa mguu, akambeba kwa tuk-tuk. Bibi aliapa kwamba aliona kwa macho yake mtoto akizaliwa tarehe saba Oktoba. Mungu amsamehe, mwenyewe alikuwa na Januari mosi. Siku zote hizo walilala kwa jamaa, mtaa wa Bulla Iftin hapo hapo mjini, na Kerrow akawa anatapika mpaka hana sauti.

Siku ya nne asubuhi waliingia ofisi ya vitambulisho. Afisa alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. Alisoma barua, akasoma kiapo, akagonga mihuri, na kila mhuri ulipogongwa Ramlo alisema bismillahi kimoyomoyo. Karatasi ya kusubiria ingetoka hapo hapo. Ilibaki picha.

Kerrow aliketishwa kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe.

"Mzee, tazama kamera."

Kerrow aligeuza uso kwenye sauti.

"Si mimi. Kamera, huku."

"Huku wapi?"

Ramlo alimshika kidevu, akakielekeza. Afisa akamwambia aondoe mkono, unaonekana. Akauondoa, na kichwa kikaanza kurudi polepole kule sauti ilikotoka. Walijaribu tena. Wakajaribu Ramlo amwite akiwa nyuma ya kamera, na uso ukaja sawasawa, lakini macho yalibaki yameangalia juu, kila moja na njia yake. Afisa alipiga mara sita, na mara sita kompyuta ikalia.

"Mfumo unaikataa. Unataka macho yatazame mbele."

"Haoni," alisema Ramlo. "Ndiyo tunataka hii karatasi. Apelekwe Nairobi, apasuliwe kichwa. Leo, dada yangu. Wiki inaisha."

"Nimeelewa, mama. Na ningeweza ningekusaidia, wallahi." Afisa alivua miwani, akasugua macho yake. Alizipanga barua zote vizuri, akazibana kwa pini, akamrudishia. "Mpeleke kwanza atibiwe. Macho yakitulia, mlete nimpige picha."

Ramlo alisimama na karatasi mkononi. Foleni nyuma yake ilianza kusogea, mtu akamwomba apishe. Kerrow alikuwa bado kwenye stuli, mgongo wima, mikono magotini, ameyakodoa macho kadiri alivyoweza kuelekea ukutani.

"Niendelee kutazama hapa?" aliuliza.